Bourbon moja ya kila siku kwa kabati la nyumbani: nichukue ipi chini ya dola 30?

Pwani_Columbus

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua bourbon, ile wiski ya Kimarekani ya mahindi, vizuri. Nipo Columbus, Ohio, na ninapanga kabati la vinywaji nyumbani. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo nitakuwa na chupa moja tu ya bourbon kwa wakati mmoja, ml 750, isizidi dola 30. Nataka hiyo moja ifanye kazi zote: kunywewa kavu au na barafu baada ya chakula cha usiku, kutengenezea kokteli kama Old Fashioned na Whiskey Sour wageni wakija, na mara mojamoja Manhattan. Wapo pia wageni wanaochanganya na soda ya tangawizi.

Kwenye rafu nakuta Buffalo Trace, Maker's Mark, Wild Turkey 101, Evan Williams ya lebo nyeusi na ya lebo nyeupe, Jim Beam, Four Roses, Bulleit na Old Grand-Dad. Bei nyingi zimekaribiana, kwa hiyo bei hainisaidii kuamua. Ninachotaka kujua ni kileo asilimia ngapi kinafaa kwa kazi zote hizo, na yale maneno ya kwenye lebo, "straight", "small batch", "bottled in bond", yapi yana uzito na yapi ni mapambo. Na Jack Daniel's inaweza kushika nafasi hiyo? Nipeni sababu, jina peke yake halitanitosha.

---

mwaloni_mkavu

Mkuu, chukua Wild Turkey 101, ile ya 50.5%. Sababu ya kwanza ni maji.

Kila kokteli inapata maji kutoka kwenye barafu. Whiskey Sour ya kawaida ni bourbon ml 60, juisi ya limau ml 22 na shira ml 22. Ukiitikisa na barafu kwa sekunde 12 hivi, inaongezeka maji kama ml 30, jumla ml 134. Ukianza na bourbon ya 40% una ml 24 za kileo, kwa hiyo kinywaji kinaishia karibu 18%. Ukianza na ya 50.5% kinaishia kama 22.6%. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ulimi utakutana na wiski au na juisi ya limau yenye sukari.

Na si ukali peke yake. Wiski ikitoka kwenye pipa huwa na nguvu kuliko ile ya kwenye chupa, halafu kiwandani huongezwa maji mpaka ifike asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Chupa ya 40% imekwisha kuongezwa maji mengi kabla hujaifungua, na kila tone la maji limepunguza ladha ya mwaloni, vanila na sukari iliyoungua. Sheria ya Marekani inaruhusu bourbon iingie kwenye pipa ikiwa hadi 62.5%. Wild Turkey huiingiza ikiwa 57.5%, kwa hiyo hata baada ya miaka ya kukaa ghalani haihitaji maji mengi ili ishuke mpaka 50.5%. Mapipa yao yamechomwa ndani kwa kiwango cha 4, mkaa mzito wenye nyufa kama ngozi ya mamba, na hapo ndipo inapotoka ile ladha ya karameli nzito yenye moshi kidogo.

Mchanganyiko wa nafaka zao ni mahindi 75%, rai 13% na shayiri iliyooteshwa 12%. Rai ni nafaka ya jamii ya ngano, ya nchi za baridi, na ndiyo inayoleta ladha kama ya pilipili manga na mdalasini. Asilimia 13 inatosha isikike ndani ya Manhattan, na haizidi kiasi cha kumsumbua anayekunywa kavu.

Utasema 50.5% ni kali mno kunywa kavu. Mimina ml 45, ongeza maji kijiko kimoja cha chai, yaani ml 5, na imeshuka mpaka kama 45%. Ongeza cha pili imekuwa 41%. Chupa yenye nguvu unaweza kuipunguza nyumbani kadiri upendavyo, lakini chupa ya 40% hakuna namna ya kuipandisha. Kwa mtu mwenye chupa moja, hoja hii kwangu inamaliza mjadala.

Jambo moja la kuzingatia ukiwa mwenyeji: ml 60 za 101 zina kileo ml 30, wakati kinywaji kimoja cha kawaida kwa vipimo vya Marekani ni karibu ml 18. Kwa mgeni anayechanganya na tangawizi, mimina ml 45. Kileo chake kinakaribiana na ml 60 za 40%, na chupa inakutolea glasi 16 badala ya 12.

---

jirani_wa_Kentucky

Mimi nijibu la lebo, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu fedha.

Kisheria, bourbon ni lazima itengenezwe Marekani (si lazima Kentucky), nafaka zake ziwe na mahindi angalau 51%, ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, na iwekwe kwenye chupa ikiwa 40% au zaidi. Neno "straight" lina uzito: angalau miaka 2 kwenye pipa, na hakuna kuongeza rangi wala ladha. Kama ina umri chini ya miaka 4, umri ni lazima uandikwe. Kwa hiyo ukiona "straight" na hakuna umri popote kwenye lebo, elewa ni miaka 4 au zaidi. Hapo tayari umeshachuja chupa nyingi za kubahatisha.

"Bottled in bond" ina uzito kuliko yote. Ilianza na sheria ya mwaka 1897, wakati wafanyabiashara wengi walikuwa wanauza pombe iliyotiwa rangi na kuiita wiski. Masharti yake mpaka leo: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa utengenezaji, miaka 4 au zaidi kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na 50% kamili. Lebo inataja kiwanda kilichoitengeneza. Hakuna nafasi ya kuchanganya mabaki ya huku na kule.

"Small batch" haina kipimo chochote kisheria. Inaweza kuwa mapipa 10 au 200. Usilipe hata dola moja ya ziada kwa ajili yake, angalia kilichomo. Four Roses Small Batch ni nzuri kwa sababu ni 45% na imechanganywa vizuri.

Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. "Distilled by" ni kiwanda kilichotengeneza. "Bottled by" au "Produced by" peke yake mara nyingi ni kampuni iliyonunua wiski ya mwingine. Ukikuta imetengenezwa Lawrenceburg, tazama ni jimbo gani: kuna Lawrenceburg ya Kentucky, walipo Wild Turkey na Four Roses, na kuna Lawrenceburg ya Indiana, kwenye kiwanda kikubwa kinachouzia chapa nyingi wiski. Ya Indiana si mbaya hata kidogo, lakini usilipie hadithi ya babu wa Kentucky iliyoandikwa mbele ya chupa.

Kuhusu bei, kwa kuwa uko Ohio usijisumbue kuzunguka maduka. Bei ya pombe kali inapangwa na jimbo na ni ileile kila duka. Tumia muda wako kutafuta duka lenye chupa unayoitaka.

---

Kijiko Kirefu

Nakubaliana na mwaloni_mkavu kuhusu nguvu, ila kwa jina tunatofautiana. Kwa kazi ulizozitaja, Evan Williams ya lebo nyeupe ndiyo ningeiweka kabatini. Ni bottled in bond, 50%, inatengenezwa na Heaven Hill, na bei yake iko chini ya ya Wild Turkey. Chupa ya kila siku ni ile unayoimimina bila kusita. Bourbon unayoionea huruma haitatengenezewa Whiskey Sour, itakaa tu ikivuta vumbi.

Ina harufu ya mahindi matamu, vanila na karanga kidogo. Kunywewa kavu inazidiwa na 101, hilo silipingi. Lakini ndani ya Old Fashioned ni wachache watakaoona pengo. Uangalifu tu: lebo nyeusi ni 43%, lebo nyeupe ni 50%, na zinakaa rafu moja zikifanana.

Sasa Old Fashioned, maana hapa ndipo chupa nzuri inapoharibiwa. Kwenye glasi nzito weka shira nzito ml 5, ile ya sukari sehemu mbili kwa maji sehemu moja, kisha Angostura, yale matone machungu ya viungo, mitikiso 2 au 3. Bourbon ml 60. Barafu kubwa, kipande cha sentimita 5 kama unacho. Koroga kwa kijiko kirefu sekunde 25 hadi 30, kijiko kikizunguka kwenye ukuta wa glasi bila kuipiga barafu. Kata ganda la chungwa upana wa vidole viwili, bila ule utando mweupe kwa sababu ni mchungu, likunje juu ya glasi upande wa nje ukitazama kinywaji mpaka uone mafuta yakitua juu yake, kisha litumbukize.

Sukari ya punje ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Haiyeyuki vizuri kwenye kileo, hivyo mdomo wa kwanza unakuwa mkali na wa mwisho ni mchanga mtamu. Shira inalimaliza hilo. Kosa la pili ni barafu ndogo iliyokwisha kuanza kuyeyuka, ile inayong'aa maji. Inamwaga maji mengi kabla kinywaji hakijapoa. Toa barafu kwenye friza wakati unaihitaji, si mapema. Na chungwa lisipondwe ndani ya glasi, juisi yake inafunika wiski yote.

---

Bi Limau

Ndugu zangu mmesahau Maker's Mark, na muuliza swali ameitaja. Ina ngano badala ya rai: mahindi 70%, ngano 16%, shayiri iliyooteshwa 14%. Ndiyo maana ni laini, ina ladha ya mkate mtamu na haichomi pilipili. Ni 45%. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kuishusha mpaka 42% ili iwatoshe wateja wengi zaidi, wanywaji wakaja juu, na katika siku chache ikarudisha 45%. Wateja waliona wazi kwamba asilimia tatu za kileo zina ladha.

Kwa kunywa kavu, na kwa mgeni ambaye hajawahi kunywa bourbon, ningempa hii kabla ya 101. Udhaifu wake ni Manhattan. Vermuti nyekundu, mvinyo wa viungo unaotiwa kwenye Manhattan, ni tamu, Maker's ni tamu, hakuna kinachosimama katikati. Ukilazimika, punguza vermuti kutoka ml 30 mpaka 20.

Ukitaka kinyume chake, Old Grand-Dad bonded (yaani bottled in bond) ina rai 27% na ni 50%. Bulleit ina rai 28% na 45%. Hizo mbili zinapenya kwenye chochote, tangawizi hata Campari, ile pombe nyekundu chungu. Old Grand-Dad inadharauliwa kwa sababu ya lebo yake ya kizamani, na ni makosa: kwa Whiskey Sour siioni yenye kuizidi kwa bei yake.

Na hiyo Whiskey Sour tuiweke sawa. Tumia limau la manjano. Ndimu ina ukali mwingine unaogombana na mwaloni. Kamua siku hiyohiyo, juisi ya jana imeshaanza kuwa chungu. Shira ya sukari na maji sawa kwa sawa, pima kwa mzani kama unao, gramu 200 kwa gramu 200, pasha moto mpaka sukari iyeyuke tu. Usiiache ichemke kama ya kaimati. Ikichemka sana maji yanapungua, na ml 22 zako zinakuwa tamu kuliko ulivyopanga. Kwenye jokofu inakaa wiki mbili hadi tatu. Ikianza kuwa na ukungu au nyuzi, mwaga.

Wanaopenda povu waweke ute wa yai moja bichi. Tikisa kwanza bila barafu sekunde 15, kisha na barafu sekunde 12, chuja. Povu likikataa, tafuta mafuta: tone la kiini lililoingia kwenye ute, au chombo kilichooshwa vibaya. Mgeni mjamzito au mgonjwa hawekewi yai bichi, na mjamzito hapewi pombe.

Mizani ya msingi ni 60, 22, 22. Kwa 101 naipandisha shira mpaka ml 25, kwa Maker's naishusha mpaka 18. Onja kwa kijiko kabla ya kumimina, ni rahisi kurekebisha ikiwa bado kwenye chombo.

---

Pwani_Columbus

Asanteni sana, wakuu, na wewe dada Bi Limau. Naona mvutano umebaki kati ya 101, Evan Williams nyeupe na Old Grand-Dad bonded. Nawezaje kuzilinganisha bila kununua chupa tatu kubwa? Pia hamjagusa Buffalo Trace wala Jack Daniel's. Na chupa ikishafunguliwa inadumu muda gani?

---

mwaloni_mkavu

Tafuta chupa ndogo, za ml 50 au ml 375. Hazipatikani kwa kila chapa, ila 101 huwa ipo. Mimina ml 15 kwa kila moja kwenye glasi zinazofanana, weka alama chini ya glasi, mtu mwingine azipange usijue ipi ni ipi. Zote hizo ni 50% au karibu nayo, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Usiweke ya 40% kando ya ya 50%, ulimi utasoma ukali badala ya ladha. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, onja, halafu weka maji nusu kijiko cha chai kwa kila glasi na urudie. Itakayobaki na ladha baada ya maji ndiyo itakayobaki na ladha kwenye kokteli. Ukibaki na shaka, tengeneza Sour mbili ndogo za nusu kipimo, kila moja na wiski yake, uzinywe kwa zamu.

Buffalo Trace ni nzuri: 45%, rai kidogo, vanila na matunda, inanyweka kavu bila maji. Kama ungekuwa hunywi kokteli kabisa ningekuambia uichukue. Tatizo ni upatikanaji. Jina lake limekuwa kubwa, linaisha rafuni, na watu wanaifukuzia kana kwamba ni adimu. Chupa ya kila siku iwe ile utakayoikuta ukirudi mwezi ujao.

Kwa Manhattan: bourbon ml 60, vermuti nyekundu ml 30, Angostura mitikiso 2, koroga na barafu sekunde 30, chuja kwenye glasi iliyopozwa kwenye friza. Na vermuti ni mvinyo. Ikifunguliwa inakaa kwenye jokofu na imalizwe ndani ya mwezi mmoja hadi miwili. Wengi wanailaumu bourbon kwa Manhattan yenye ladha ya siki, na mkosaji ni vermuti iliyokaa mwaka mzima juu ya kabati. Nunua ya ml 375.

---

jirani_wa_Kentucky

Jack Daniel's inatoka Tennessee. Kabla ya kuingia kwenye pipa inachujwa taratibu kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple), na hilo linaondoa sehemu ya ukali na ya uzito. Inayojulikana na wengi ni 40%. Na kola haina shida, lakini kwenye Old Fashioned inazama, kwa sababu zilezile za maji alizoeleza mwaloni_mkavu. Jim Beam ya lebo nyeupe nayo ni 40%, hukumu ni hiyohiyo.

Kuhusu kuhifadhi: chupa isimame wima. Mvinyo hulazwa, bourbon hailazwi, maana kileo kikali kinakula kizibo mpaka kinakatika. Kikikatika, chuja wiski kwa karatasi ya kahawa, uirudishe kwenye chupa safi yenye kifuniko cha skrubu. Iweke mbali na jua na mbali na jiko. Chupa iliyojaa zaidi ya nusu haina haraka, inakaa mwaka na zaidi bila shida. Ikibaki robo, hewa ni nyingi kuliko wiski na harufu inaanza kufifia katika miezi michache. Hapo ndipo pa kuimalizia Sour, au uihamishie chupa ndogo ijae mpaka shingoni.

---

tangawizi_kali

Niongeze kwa wasomaji wa Nairobi na Dar, maana mada hii itasomwa huku pia. Msichukue namba za Marekani kichwa kichwa. Chapa ileile inaweza kuuzwa nje ikiwa na asilimia tofauti: Woodford Reserve ya Marekani ni 45.2%, ya kuuzwa nje ni 43.2%. Soma asilimia kwenye chupa uliyoishika mkononi.

Kama kilichopo dukani ni 40% tu, rekebisha mapishi. Kwenye Sour punguza limau na shira mpaka ml 18 kila kimoja, tikisa sekunde 8 badala ya 12, tumia barafu ngumu iliyotoka friza sasa hivi. Old Fashioned koroga sekunde 15, barafu ikiwa moja kubwa. Utaokoa sehemu kubwa ya ladha.

Na kwa mchanganyiko wa tangawizi, Stoney ni tamu na kali, kwa hiyo wiski ml 50, Stoney ml 120 isiyozidi, limau la kukamuliwa ml 10. Soda iwe imekaa jokofuni. Soda ya moto inayeyusha barafu na gesi inatoka yote mara moja. Mimina wiski kwanza, barafu ijae glasi, soda mwisho, kisha nyanyua kwa kijiko mara moja kutoka chini. Usikoroge.

---

Kijiko Kirefu

Pwani_Columbus, kama hupati chupa ndogo za kulinganisha, usikwame. Anza na 101 ikiwa nusu au zaidi ya glasi zako zitakuwa kavu. Anza na Evan Williams nyeupe ikiwa wengi wa wanywaji wako ni wa kokteli. Dola zinazobaki nunua kipimo chenye mistari ya ml 15, 22, 30, 45 na 60, na chupa ya Angostura. Kumimina kwa macho kunakosea ml 10 au zaidi kwa urahisi, na Sour iliyokosea ml 10 za limau hakuna bourbon ya kuiokoa.